Protini za Damu: Kipimo cha Afya ya Kuku wa Nyama Wanaokua

Biolojia, Kidato cha Nne
Mada mseto: lishe, usafirishaji wa vitu mwilini, kinga, na kazi za ini na figo

Utangulizi

Mtahiniwa, mada hii inaunganisha sura ulizozisoma kwa nyakati tofauti. Lishe uliisoma peke yake, damu peke yake, kinga peke yake, kazi za ini peke yake. Katika chumba cha mtihani, jedwali moja la namba linaweza kuzidai zote kwa pamoja. Wanaopoteza alama hapo mara nyingi si wale wasiojua maana ya albumini. Ni wale wanaoijua maana yake lakini wakipewa namba hawajui waanzie wapi.

Tutatumia mfano wa kuku wa nyama, yaani broila, kwa sababu mtahiniwa wa Samuye, Tinde, Kahama au Geita anawaona kila siku. Mfugaji wa Samuye ana soko Shinyanga mjini, na mbele yake kuna miji ya dhahabu yenye walaji wengi. Kifaranga wa broila huanguliwa akiwa na gramu 40 hivi. Akitunzwa vizuri hufikia kilo 1.5 hadi 2 katika wiki 5 hadi 6. Kutoka gramu 40 hadi gramu 2,000 ni ongezeko la mara 50. Mwili unaokua kwa kasi hiyo unadai protini nyingi, na hitilafu ndogo ya chakula, maji au ugonjwa huonekana mapema kwenye damu kuliko kwenye mizani.

Malengo

Ukimaliza mada hii uweze:

1. kutaja makundi makuu ya protini za damu, mahali zinapotengenezwa na kazi zake;
2. kueleza kwa nini kiasi cha protini hizo hupanda au kushuka;
3. kueleza namna zinavyopimwa;
4. kusoma jedwali la vipimo na kutoa hitimisho lenye sababu.

1. Marudio: damu ina nini?

Damu ina sehemu mbili: chembe na utegili. Chembe ni chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe za kugandisha damu. Utegili ni maji ya rangi ya manjano hafifu yanayobeba chembe hizo pamoja na protini, glukosi, chumvi, homoni na takamwili.

Zingatia tofauti mbili kati ya ndege na mamalia:

- Chembe nyekundu za kuku zina kiini na umbo la yai. Za binadamu zilizokomaa hazina kiini na zimebonyea katikati.
- Takamwili kuu ya naitrojeni kwa kuku ni asidi ya yuriki. Kwa binadamu ni urea. Zote mbili hutokana na asidi amino zilizozidi mahitaji ya mwili, na hutolewa na figo.

Usichanganye pia utegili na seramu. Damu ikiwekwa kwenye kichupa chenye dawa ya kuzuia kuganda, kisha ikazungushwa kwenye mashine, chembe hushuka chini na juu hubaki utegili. Damu ikiachwa igande yenyewe, maji yanayojitenga na bonge ni seramu. Seramu haina faibrinojeni, kwa sababu faibrinojeni imetumika kutengeneza nyuzi za bonge. Ndiyo maana protini zote za utegili huwa nyingi kidogo kuliko za seramu ya kuku huyohuyo.

2. Makundi ya protini za utegili

*Albumini.* Hutengenezwa kwenye ini. Ina kazi kuu mbili. Kwanza, huvuta maji yabaki ndani ya mishipa kwa nguvu ya osmosisi. Pili, hubeba vitu visivyoelea vizuri majini peke yake, kama asidi za mafuta, pamoja na kalisi, baadhi ya homoni na baadhi ya dawa. Ni akiba pia: mwili wenye njaa unaweza kuivunja upate asidi amino.

*Globulini.* Hili ni kundi kubwa lenye protini za aina nyingi. Nyingine hutengenezwa na ini na hubeba madini na mafuta. Nyingine ni kingamwili, ambazo hutengenezwa na chembe nyeupe aina ya limfosaiti B zilizokomaa. Hapa ndipo wengi hukosea: kingamwili hazitengenezwi na ini.

*Faibrinojeni.* Hutengenezwa na ini. Kidonda kikitokea hugeuzwa kuwa faibrini, nyuzi zinazonasa chembe na kuziba jeraha.

*Protini za dharura.* Hizi ni protini za ini zinazobadilika ndani ya saa au siku chache baada ya maambukizi au jeraha. Kwa kuku mfano mzuri ni ovotransferini, protini ileile inayopatikana kwenye ute wa yai. Kazi yake ni kushika madini ya chuma. Bakteria wengi wanahitaji chuma ili wazaliane, kwa hiyo kuku anapoongeza ovotransferini anawanyima chakula. Wakati huohuo ini hupunguza kutengeneza albumini. Kwa hiyo katika maambukizi baadhi ya protini hupanda na albumini hushuka kwa pamoja.

Hemoglobini nayo ni protini ya damu, lakini imo ndani ya chembe nyekundu, haiko kwenye utegili. Ukiombwa utaje protini za utegili, usiiandike.

3. Kanuni ya maswali matatu

Fikiria pipa la maji lenye bomba la kuingizia juu na tundu la kutokea chini. Kina cha maji hutegemea kinachoingia na kinachotoka. Protini za damu ni hivyohivyo, ila kuna jambo la tatu: tunazipima kwa gramu katika kila lita, hivyo maji ya damu yakipungua namba hupanda hata kama hakuna protini mpya iliyotengenezwa.

Kila unapoona namba ya protini imebadilika, jiulize maswali matatu kwa mpangilio huu:

1. Je, utengenezaji umebadilika? Malighafi ni asidi amino kutoka kwenye chakula. Kiwanda ni ini, na kwa kingamwili ni limfosaiti. Malighafi ikikosekana au kiwanda kikiharibika, namba hushuka.
2. Je, protini inapotea? Inaweza kupotea kupitia utumbo uliojeruhiwa, figo mbovu, kidonda au kutoka damu.
3. Je, maji yamebadilika? Kuku aliyeishiwa maji ana damu nzito. Protini na uwiano wa chembe nyekundu vyote hupanda pamoja.

Kanuni hii utaitumia pia kwa binadamu. Mtoto mwenye kwashakoo hukosa asidi amino za kutosha, ini lake hutengeneza albumini kidogo, maji hayavutwi tena kurudi kwenye mishipa, na miguu huvimba.

4. Protini hupimwaje?

Damu ya kuku huchukuliwa kwa sindano kwenye vena ya bawa. Kazi hii hufanywa na mtaalamu wa mifugo, si mwanafunzi. Mililita 1 au 2 hutosha kwa vipimo vingi, na kwa kawaida haipaswi kuzidi asilimia 1 ya uzito wa kuku. Kwa kuku wa kilo 1, hiyo ni mililita 10 hivi.

*Protini zote.* Maabara hutumia kipimo unachokijua tayari: Biureti. Shuleni unaweka sodiamu haidroksaidi, kisha matone ya kopa salfeti, na ukiona zambarau unasema protini ipo. Maabara huenda hatua moja zaidi. Rangi inavyokolea ndivyo protini inavyokuwa nyingi, hivyo mashine hupima ukolezi wa rangi na kuulinganisha na sampuli ambayo kiasi chake kinajulikana.

*Mfano wa hesabu.* Sampuli ya kulinganishia yenye gramu 60 kwa lita ilisomeka 0.40. Seramu ya kuku ilisomeka 0.20. Protini zote za kuku = (0.20 ÷ 0.40) × 60 = gramu 30 kwa lita.

*Albumini.* Hupimwa kwa rangi maalumu inayojishikiza kwenye albumini.

*Globulini.* Katika vipimo vingi hupatikana kwa kutoa:

Globulini = protini zote za seramu − albumini

*Uwiano.* Gawanya albumini kwa globulini. Uwiano ukishuka, ama albumini imepungua, ama globulini imeongezeka, ama vyote viwili. Uwiano peke yake hautoshi. Rudi kwenye namba zenyewe.

Kwa kuku wa nyama anayekua, protini zote mara nyingi huwa kati ya gramu 25 na 45 hivi kwa lita. Binadamu mzima ana gramu 60 hadi 80. Kwa hiyo usichukue namba ya kuku ukaihukumu kwa kipimo cha binadamu. Tena, kifaranga mdogo huwa na kiasi kidogo kuliko kuku aliyekua. Linganisha siku zote kuku wa umri mmoja, na ikiwezekana waliopimwa kwenye maabara moja.

5. Mambo yanayobadilisha protini za damu

*(a) Chakula chenye protini pungufu au isiyo na ubora.*
Chakula cha kuanzia cha broila huhitaji protini asilimia 22 hivi. Cha kumalizia asilimia 18 hadi 20. Mahindi yana asilimia 8 au 9 tu, na asidi amino yake ya laisini ni kidogo. Mfugaji anayelisha pumba za mahindi pekee anashibisha tumbo la kuku bila kukipa kiwanda malighafi. Ndiyo maana huongeza dagaa wa Ziwa Victoria, soya au mashudu.

Shinyanga ni nchi ya pamba, na mashudu ya pamba hupatikana kwa urahisi. Yana protini nyingi, lakini mbegu ya pamba ina sumu ya asili iitwayo gosipoli. Gosipoli hushikana na laisini ikaifanya isitumike, na hushika chuma pia. Kwa hiyo asilimia ya protini iliyoandikwa kwenye mfuko haitoshi. Swali ni protini kiasi gani inafika kwenye damu. Mfugaji akitaka kutumia mashudu ya pamba kwa broila apate ushauri wa mtaalamu kuhusu kiwango.

*(b) Sumukuvu.*
Mahindi, karanga na mashudu yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota kuvu wa jamii ya Aspergillus, ambao hutoa sumukuvu. Sumu hii iligunduliwa baada ya zaidi ya bata mzinga 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula mashudu ya karanga yenye kuvu. Kwa watu, Tanzania iliona madhara yake mwaka 2016, mlipuko ulipotokea Dodoma na Manyara na kusababisha vifo.

Sumukuvu hushambulia ini na kuzuia chembe zake zisitengeneze protini. Kwa kuku wa nyama, kushuka kwa protini zote na albumini ni miongoni mwa dalili za mapema za sumu hii. Faibrinojeni na protini nyingine za kugandisha damu nazo zinaweza kupungua, kuku akavilia damu chini ya ngozi. Kinga pia hudhoofika, hata chanjo isifanye kazi inavyotakiwa. Kupika au kukaanga hakuondoi sumu hii kikamilifu. Mahindi yasiyofaa kwa ugali hayafai kwa kuku.

*(c) Kuhara damu.*
Vimelea wa koksidia hujeruhi ukuta wa utumbo. Damu na protini hutoka kwenye kinyesi, na chakula hakifyonzwi vizuri. Protini hushuka kwa njia mbili: zinapotea, na malighafi haiingii. Chembe nyekundu pia hupungua kwa sababu damu nzima inatoka.

*(d) Joto na ukosefu wa maji.*
Kuku hana tezi za jasho. Hujipoza kwa kuhema mdomo ukiwa wazi, na maji hutoka kwa njia ya mvuke. Kipindi cha kiangazi, chombo cha maji kikikauka mchana mmoja, damu huwa nzito na protini hupanda. Hapa namba kubwa si afya.

*(e) Maambukizi ya muda mrefu.*
Limfosaiti hutengeneza kingamwili nyingi, hivyo globulini hupanda. Ini hupunguza albumini. Protini zote zinaweza kuonekana za kawaida au juu kidogo, ilhali ndani yake uwiano umeharibika. Ndiyo sababu maabara haishii kwenye protini zote.

6. Kingamwili, chanjo na mfuko wa Fabricius

Kuku mama hupitisha kingamwili kwenye kiini cha yai. Kifaranga huanguliwa akiwa nazo. Hii ni kinga ya kupokea: hakuitengeneza mwenyewe, na hupungua kadiri wiki zinavyopita. Chanjo humfanya atengeneze zake. Hiyo ni kinga ya kujitengenezea, na hudumu zaidi.

Wafugaji wengi wa broila huchanja kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14, na kurudia kideri siku ya 21. Afisa mifugo wa eneo ndiye anayethibitisha ratiba. Sababu ya kusubiri ni hii: kingamwili za mama zikiwa bado nyingi, zinaweza kukishambulia kirusi dhaifu cha chanjo kabla kifaranga hajajifunza kitu. Tanzania inatengeneza chanjo yake ya kideri, I-2, huko Kibaha chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA). Sifa yake ni kustahimili joto kuliko chanjo nyingi za kawaida, jambo lenye faida vijijini kusikokuwa na jokofu.

Karibu na njia ya kutolea kinyesi, kuku ana kifuko kiitwacho mfuko wa Fabricius. Mwaka 1956, watafiti Bruce Glick na Timothy Chang wa Marekani walionyesha kwamba kuku walioondolewa mfuko huo wakiwa wadogo hushindwa kutengeneza kingamwili vizuri. Limfosaiti B zilipata herufi yake kutokana na jina la kifuko hiki. Kwa hiyo herufi unayoikariri katika mada ya kinga ya binadamu ilitoka kwa kuku.

Ugonjwa wa Gumboro, uliopewa jina la mahali ulipotambuliwa huko Delaware, Marekani, hushambulia mfuko huohuo. Kuku aliyepona Gumboro akiwa mdogo anaweza kushindwa kuitikia chanjo ya kideri, kwa kuwa kiwanda cha kingamwili kimeharibika.

Zingatia: kupanda kwa globulini hakutuambii ni kingamwili dhidi ya ugonjwa gani. Ili kujua kama chanjo ya kideri imefanya kazi, maabara hutumia kipimo mahususi. Kirusi cha kideri kina tabia ya kuzigandamanisha chembe nyekundu za kuku. Seramu yenye kingamwili za kideri ikiongezwa, kirusi hushikwa na chembe hazigandamani. Seramu huongezwa maji kwa kiwango kinachorudufika, 1 kwa 2, 1 kwa 4, 1 kwa 8 na kuendelea, hadi pale inaposhindwa kuzuia. Inavyostahimili kuzimuliwa zaidi ndivyo ilivyo na kingamwili nyingi.

7. Swali la mfano lenye majibu

Namba zilizomo kwenye jedwali hili zimetungwa kwa ajili ya zoezi. Makundi matano ya broila wa siku 28 yalipimwa damu. Kundi A ni la kuku wenye afya.

| Kundi | Protini zote (g/L) | Albumini (g/L) | Globulini (g/L) | Chembe nyekundu (% ya ujazo wa damu) |
|---|---|---|---|---|
| A | 32 | 14 | ? | 30 |
| B | 21 | 8 | 13 | 28 |
| C | 42 | 19 | 23 | 36 |
| D | 40 | 11 | 29 | 28 |
| E | 22 | 9 | 13 | 18 |

(a) Tafuta globulini ya kundi A, na uwiano wa albumini kwa globulini wa kundi A na D.
(b) Kundi lipi lilikosa maji? Toa sababu.
(c) Kundi lipi lina maambukizi ya muda mrefu? Toa sababu.
(d) Kundi B na E yana protini zinazokaribiana. Tofautisha hali zao.
(e) Mfugaji wa kundi C alisema, "Kuku wangu wana protini nyingi kuliko wote, basi ndio wenye afya." Mjibu.

*Majibu*

(a) Globulini ya A = 32 − 14 = gramu 18 kwa lita. Uwiano wa A = 14 ÷ 18 = 0.78. Uwiano wa D = 11 ÷ 29 = 0.38.

(b) Kundi C. Albumini, globulini na chembe nyekundu vyote vimepanda kwa pamoja, na uwiano wake, 19 ÷ 23 = 0.83, uko karibu na wa kuku wenye afya. Vitu vyote vikipanda pamoja huku uwiano ukibaki karibu uleule, kilichobadilika ni maji.

(c) Kundi D. Globulini imepanda kutoka 18 hadi 29 kwa sababu limfosaiti zinatengeneza kingamwili kwa wingi. Albumini imeshuka kutoka 14 hadi 11 kwa kuwa ini limepunguza kuitengeneza. Chembe nyekundu hazikupanda, hivyo si kukosa maji.

(d) Katika kundi E chembe nyekundu zimeshuka sana, kutoka 30 hadi 18, pamoja na protini. Damu nzima inapotea, kama inavyotokea kwenye kuhara damu. Katika kundi B protini zimeshuka lakini chembe nyekundu ziko karibu na kawaida. Tatizo linaelekea kuwa la utengenezaji: chakula chenye protini duni au ini lililoharibiwa, kwa mfano na sumukuvu. Uthibitisho: chunguza kinyesi cha E kwa hadubini; kagua chakula cha B, na kwa kuku aliyekufa angalia kama ini limepauka au limevimba.

(e) Namba imepanda kwa kuwa maji ya damu yamepungua, si kwa kuwa protini zimeongezeka. Awape maji safi ya kutosha, aongeze hewa bandani, kisha wapimwe upya.

Jinsi ya kuandika jibu la namna hii. Fuata hatua nne: *taja* kilichobadilika, *linganisha* na kundi lenye afya kwa namba, *eleza* sababu ya kibiolojia, *hitimisha*. Anayeandika "kundi D wanaumwa" ameruka hatua tatu.

8. Kwa nini jambo hili si la mtihani tu

Kuku wa makundi B, C, D na E wakitazamwa mlangoni mwa banda wanafanana: wamejikunyata, manyoya yamesimama, hawali. Mfugaji asiyepima huwapa wote dawa ileile ya viuavijasumu. Viuavijasumu haviondoi sumukuvu kwenye pumba, havijazi chombo cha maji, wala haviui virusi vya kideri. Fedha inakwenda, kuku wanaendelea kufa, na bakteria walionusurika wanaweza kuwa sugu. Kuku akichinjwa kabla muda wa kusubiri wa dawa haujaisha, mabaki yake huenda kwa mlaji.

Kipimo cha damu nacho hakitoshi peke yake. Protini zilizoshuka zinatuambia *kuna tatizo* na *tutafute upande gani*. Jina la ugonjwa huthibitishwa kwa kuangalia dalili, chakula, kinyesi na viungo vya kuku aliyekufa. Mfugaji aanze kwa afisa mifugo wa kata, ambaye anaweza kupeleka sampuli kwenye maabara ya TVLA.

9. Makosa yanayopoteza alama

- Kuandika kwamba ini linatengeneza kingamwili.
- Kuita hemoglobini protini ya utegili.
- Kusema protini nyingi ni dalili ya afya bila kuangalia maji.
- Kuandika namba bila kipimo chake, gramu kwa lita.
- Kutaja ugonjwa kwa uhakika kutokana na kipimo kimoja. Andika "huenda" au "inaashiria", kisha taja uthibitisho.
- Kusema kuku hutoa urea kama takamwili kuu. Hutoa asidi ya yuriki.

10. Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini seramu ya kuku ina protini chache kuliko utegili wake.
2. Kuku ana protini zote gramu 28 kwa lita na albumini gramu 12. Tafuta globulini na uwiano.
3. Kifaranga wa siku 2 ana kingamwili za kideri ingawa hajachanjwa. Zimetoka wapi? Ni kinga ya aina gani?
4. Mfugaji alichanja kideri kwa wakati, lakini kuku walikuwa wameugua Gumboro wiki moja kabla. Eleza kwa nini chanjo inaweza isifanye kazi.
5. Eleza uhusiano kati ya albumini kushuka na mwili kuvimba.
6. Sampuli ya kulinganishia ya gramu 50 kwa lita ilisomeka 0.25 na seramu ya kuku ikasomeka 0.18. Tafuta protini zote za kuku.

*Majibu kwa ufupi*

1. Faibrinojeni imetumika katika kuganda kwa damu.
2. Globulini = 28 − 12 = gramu 16 kwa lita; uwiano = 12 ÷ 16 = 0.75.
3. Kwa mama kupitia kiini cha yai. Kinga ya kupokea.
4. Gumboro huharibu mfuko wa Fabricius, ambamo limfosaiti B hukomaa. Limfosaiti zikipungua, kingamwili dhidi ya kideri hutengenezwa kidogo.
5. Albumini huvuta maji yabaki ndani ya mishipa kwa osmosisi. Ikishuka, maji hubaki kwenye tishu na kusababisha uvimbe.
6. (0.18 ÷ 0.25) × 50 = gramu 36 kwa lita.

Ukikosa swali la 4 au la 5, rudia sehemu ya 3 na ya 6 kabla hujaendelea na mada inayofuata.